Philip Ochieng na swali la mwenye gazeti

Ukilitaja jina la Philip Ochieng mbele ya waandishi wa habari wa Kenya waliokwisha kuota mvi, utapata majibu mawili. La kwanza ni la heshima: huyu alikuwa mwalimu wetu, wachache waliijua kazi ya uhariri kama yeye. La pili huja kwa sauti ya chini kidogo: lakini mbona alikubali kuiongoza Kenya Times, gazeti la KANU, katika miaka ambayo watu walikuwa wakiwekwa kizuizini kwa kudai vyama vingi?

Yote mawili yana haki yake, na ndiyo maana maisha ya kazi ya mtu huyu huwachanganya wengi. Mjamaa asiyejificha aliyeanzia kwenye gazeti la Aga Khan, akaenda kuandikia gazeti la serikali ya Tanzania, akarudi Nairobi na hatimaye kuwa mhariri mkuu wa gazeti la chama tawala, kisha akaandika kitabu cha kuvishtaki vyombo vya habari. Mtu akiyatazama haya juu juu ataona kigeugeu. Mimi naona yanashikana, na kinachoyashikanisha ni swali moja ambalo Ochieng hakuacha kulizunguka kwa takriban nusu karne: gazeti ni la nani, na mwenye gazeti anamfanya nini anayeliandika?

Alizaliwa mwaka 1938 Awendo, katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Migori, akasoma Alliance High School, na mwaka 1959 akawa miongoni mwa vijana 81 waliopanda ndege ya kwanza ya wanafunzi iliyoandaliwa na Tom Mboya kwenda Marekani. Alifikia Roosevelt University, Chicago, akasoma fasihi. Wageni wengi walimfahamu baadaye kama rafiki wa baba yake Barack Obama, na kweli walikuwa marafiki, lakini hilo ni dogo sana kulinganisha na mengine.

Mwaka 1966 aliingia Daily Nation. Ili kuelewa maana yake, kumbuka sura ya magazeti ya Nairobi wakati ule. Mkongwe alikuwa East African Standard, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1902 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, likaishia kuwa sauti ya walowezi, na mwaka 1967 likaangukia mikononi mwa Lonrho, kampuni ya Waingereza yenye mashamba, migodi na biashara kote Afrika. Nation lilikuwa changa. Lilianza mwaka 1960 kwa fedha za Aga Khan na lilijitambulisha kama gazeti la Waafrika waliokuwa wakiusubiri uhuru. Mhariri wake mkuu Ochieng alipoingia, George Githii, alikuwa ametoka kuwa katibu wa Mzee Kenyatta. Kwa hiyo kijana huyu wa mrengo wa kushoto alijifunza kazi katika gazeti la tajiri, chini ya mhariri aliyetoka Ikulu, mwaka uleule Jaramogi Oginga Odinga alipojiuzulu umakamu wa rais na kuunda KPU, chama cha upinzani. Miaka mitatu baadaye Mboya aliuawa kwa risasi mjini Nairobi, na KPU ikapigwa marufuku.

Dar es Salaam ilikuwa ikienda njia nyingine kabisa. Tarehe 5 Februari 1970, Azimio la Arusha likitimiza miaka mitatu, Mwalimu Nyerere alitaifisha The Standard la Tanzania, nalo likiwa mali ya Lonrho. Alijiweka mwenyewe kuwa mhariri mkuu kwa cheo, na kazi ya kila siku akamkabidhi Frene Ginwala, mwanamke wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, aliyekuwa uhamishoni. Pamoja na hilo alitoa mwongozo, na huu ndio ninaotaka tuutazame kwa karibu, kwa sababu ni nadra mwenye gazeti kuandika waziwazi masharti anayompa mhariri wake. Gazeti litakuwa la kijamaa na litaunga mkono sera za Tanzania. Lakini litakuwa huru kukosoa matendo ya kiongozi mmoja mmoja wa TANU, chama tawala, au wa serikali, litakuwa huru kuanzisha mijadala, na litakuwa huru kueleza mahali taifa linaposhindwa. Kwa maneno mengine, msingi hauguswi, ila aliyesimama juu ya msingi huo anaweza kuulizwa anafanya nini.

Huko ndiko Ochieng alikohamia, akafanya kazi mpaka mwaka 1973. Mji ule ulikuwa umejaa watu wenye hoja. Vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika vilikuwa na ofisi zao mitaani, Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika, ilikuwa na makao yake hapo, na Chuo Kikuu kule Mlimani kilikuwa na kina Walter Rodney, mwanahistoria, ambao hawakungoja ruhusa ya mtu kubishana. Mwaka 1971 TANU yenyewe ilitoa Mwongozo uliolaani kiburi na ubwana wa viongozi, na wafanyakazi wa viwandani wakaanza kuunukuu mbele ya mameneja wao. Mwandishi wa gazeti la serikali aliweza kuandika juu ya hayo yote bila kuhesabika mpinzani. Miaka mingi baadaye Ochieng aliitumia Dar kama ushahidi wake mkuu: gazeti la umma linaweza kumpa mwandishi nafasi pana kuliko gazeti la mtu binafsi, mradi mwenye mamlaka anaamini kitu na hayuko pale kulinda mfuko wake.

Ushahidi huo ni mzito, lakini una ufa, na ufa wenyewe una tarehe. Julai 1971 maofisa wa jeshi walijaribu kumpindua Jaafar Nimeiry wa Sudan. Walishindwa, na Nimeiry akawanyonga viongozi wa chama cha Kikomunisti pamoja na kiongozi wa wafanyakazi. The Standard liliandika tahariri kali ya kulaani mauaji yale. Tanzania na Sudan zilikuwa na uhusiano wa kidiplomasia wa kulindwa. Ginwala akaondolewa. Mwaka 1972 gazeti liliunganishwa na The Nationalist la TANU, likaitwa Daily News, na uhariri ukashikwa na Benjamin Mkapa, ambaye baadaye angekuwa Rais. (Ginwala naye alikuja kuwa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi, kuanzia 1994. Kiti cha mhariri Dar es Salaam kilipitiwa na watu wazito.)

Sasa weka kisa hicho kando ya kingine kilichotokea Nairobi. Julai 1982, Bunge la Kenya likiwa limetoka tu kuifanya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria, na serikali ikiwa imerudia kuwaweka watu kizuizini bila kesi, gazeti la The Standard lilitoka na tahariri ya kupinga kizuizini. Mhariri alikuwa George Githii yuleyule. Alifutwa kazi mara moja. Hakuna aliyelazimika kuleta polisi, wala waziri hakuhitaji kutangaza amri. Lonrho ilikuwa na biashara nyingi Kenya, na biashara zile zilihitaji leseni, ardhi na tabasamu la Ikulu. Enzi za Kenyatta mwenyekiti wake nchini alikuwa mkwewe Rais, Udi Gecaga. Kampuni kama hiyo haiwezi kuhatarisha mashamba yake kwa ajili ya aya tano za mhariri.

Wahariri wawili, magazeti mawili yaliyowahi kuwa chini ya kampuni moja, na kosa linalofanana: kusimama upande wa walionyongwa au kufungwa bila haki. Mmoja aliondolewa na dola ya kijamaa, mwingine na mabepari. Mtu anayesema gazeti la serikali ni minyororo na la binafsi ni uhuru, kisa cha Githii kinamziba mdomo. Anayesema kinyume chake, ana Ginwala wa kumjibu.

Ochieng alikuwa hodari katika kueleza upande wa kwanza. Kitabu chake cha mwaka 1992, I Accuse the Press, kinakataa katakata kuuhesabu umiliki wa binafsi kuwa uhuru. Hoja yenyewe, ukiishusha hadi kwenye meza ya uhariri, haina siri. Kabla ripota hajaandika neno, kuna mchoro wa kurasa za kesho, na mchoro huo tayari una sehemu zilizonunuliwa na matangazo. Habari hupangwa katika nafasi inayobaki. Sasa ripota akileta habari mbaya juu ya kampuni iliyonunua ukurasa mzima, hakuna bosi anayesimama na kusema usichapishe. Habari inarudishwa: ongeza vyanzo. Inarudi tena: tusubiri majibu ya kampuni. Majibu yakichelewa siku tatu habari imepoa, na wasanifu wanaipunguza hadi aya mbili chini ya ukurasa wa ndani. Ripota amejifunza. Safari nyingine hataileta kabisa, na atakuambia kwa moyo mweupe kwamba hajawahi kuzuiwa kuandika chochote. Mkono mtupu haulambwi, na gazeti la kila siku haliendeshwi kwa bei ya nakala pekee. Mwenye mali hana haja ya kuingia chumba cha habari. Inamtosha kuajiri mhariri anayejua bila kuambiwa.

Hii ni hoja ya mtu aliyekaa ndani, na sijaona bado aliyeijibu vizuri miongoni mwa waliomcheka kwamba ni propaganda ya mjamaa.

Kati ya Dar na Kenya Times kuna kitabu kingine, kile ambacho Wakenya wengi walimjulia. Mwaka 1980, yeye na Joseph Karimi, ripota mwenzake, walitoa The Kenyatta Succession. Mada ilikuwa moto. Katiba ilisema Rais akifariki Makamu atashika kwa siku 90. Mwaka 1976 kundi la wanasiasa, akina Kihika Kimani, Njoroge Mungai, Jackson Angaine na Paul Ngei, lilizunguka nchi kutaka kifungu hicho kibadilishwe ili Daniel arap Moi, Makamu wa wakati huo, asipate mwanya. Oktoba ya mwaka huo Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, alitoa onyo kwamba hata kuwazia kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa, na mikutano ikazimika. Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, Moi akaapishwa siku hiyohiyo, na mchezo ukaisha. Kitabu kilieleza vuta nikuvute hii kwa majina, pamoja na habari za Ngoroko, kikosi cha polisi cha Bonde la Ufa kilichodaiwa kuandaliwa kuwaua Moi, Njonjo na Mwai Kibaki mara tu Mzee atakapokata roho.

Kwa Wakenya waliozoea kupata siasa za Ikulu kwa minong'ono, kuzisoma katika kitabu chenye majina kamili lilikuwa jambo geni. Lakini kitabu hiki nacho kinaingia katika swali letu. Kilitoka walioshinda wakiwa wamekalia kiti, na simulizi ya Ngoroko iliwafaa sana walioshinda. Baadaye wapo waliohoji kama njama ile ilikuwepo kwa ukubwa uliosimuliwa. Sisemi waandishi walitumwa. Nasema ripota hupata anachopewa na vyanzo vyake, na mwaka 1980 vyanzo vilivyothubutu kusema vilikuwa vya upande mmoja. Kisome, ni kitabu kizuri, ila kisome ukijua hilo.

Tufike sasa kwenye miaka yenye uchungu. Mwaka 1977 Hilary Ng'weno, Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Nation, alianzisha gazeti lake, Nairobi Times. Lilikuwa na akili nyingi na matangazo machache, na mwaka 1983 KANU ikalinunua na kuliita Kenya Times, huku Kenya Leo likihudumia wasomaji wa Kiswahili. Mwaka 1988 chama kiliingia ubia na Robert Maxwell, tajiri wa Uingereza aliyemiliki Daily Mirror, na Ochieng akachukua uhariri mkuu. Kwa fundi wa magazeti ilikuwa fursa: mtaji mpya, nafasi ya kuajiri vijana na kuwafundisha, nafasi ya kuonyesha kwamba gazeti lisilo la Lonrho wala la Aga Khan linaweza kushindana nao.

Lakini tazama nchi ilikuwaje. Uchaguzi wa 1988 ulifanywa kwa mlolongo, wapigakura wakipanga foleni nyuma ya mgombea, na mahali pengine foleni ndefu ilitangazwa kuwa fupi. Jarida la makanisa, Beyond, lililoandika wizi huo lilipigwa marufuku na mhariri wake akafungwa. Mwaka 1989 Bunge lilifukuza waandishi wa Nation wasiripoti vikao vyake. Februari 1990 Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Ouko, aliuawa. Julai mwaka huo Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwekwa kizuizini, na maandamano ya Saba Saba, Julai 7, yakaishia kwa damu mitaani. Katika yote hayo Kenya Times lilikuwa gazeti la mwenye rungu, na lilitetea chama kimoja dhidi ya maaskofu na mawakili waliokuwa wakikipinga.

Kisa cha Uhuru Park, bustani ya umma jijini Nairobi, kinaonyesha vizuri jinsi mwenye gazeti anavyoweza kuwa habari yenyewe. Mwaka 1989 ilibainika kwamba ubia wa KANU na Maxwell ulipanga kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani hiyo, likiwa makao ya Kenya Times, na mbele yake sanamu kubwa ya Moi. Gharama ilitajwa kuwa dola milioni 200. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, aliandika barua kupinga, akaandikia serikali, akaandikia wafadhili ng'ambo. Wabunge walimtukana ukumbini, serikali ikaliondoa shirika lake la Green Belt katika ofisi ililokuwa ikitumia. Wangari naye alikuwa tunda la ndege za Mboya, alikwenda Marekani mwaka 1960, mwaka mmoja baada ya Ochieng. Mhariri wa Kenya Times alikuwa na habari kubwa ya mazingira ya muongo ule, na habari hiyo ilikuwa paa la nyumba yake mwenyewe. Wafadhili walijiondoa, jumba halikujengwa, na leo watoto wanacheza kwenye nyasi zile kwa sababu ya mwanamke ambaye gazeti la chama halikuwa upande wake.

Hapa ndipo nashindwa kumfuata Ochieng. Alikuwa sahihi kwamba Nation na Standard yalikuwa na mabwana. Alikuwa sahihi kwamba wengi walioshangilia vyama vingi hawakuwa na neno juu ya ardhi wala mishahara. Lakini kutoka hapo hadi kulifanya gazeti ngao ya serikali inayofunga wahariri wengine kuna hatua ambayo hoja ya umiliki haiivuki. Alichokuwa nacho Dar es Salaam mwaka 1970, yaani ruhusa ya maandishi ya kumkosoa kiongozi kwa jina, hakikuwepo Nairobi mwaka 1990. Magazeti yote mawili yaliitwa ya umma. Moja lilikuwa na masharti yaliyombana hata mwenye nalo, jingine halikuwa nayo. Tofauti hiyo mtu mwenye akili kama yake aliiona, naamini hivyo, na ningetamani angeipima kwa ukali uleule aliowapimia wengine.

Ochieng aliondoka Kenya Times mwaka 1991. Novemba mwaka huo Maxwell alikutwa amekufa baharini karibu na visiwa vya Canary, na ikagundulika kwamba alikuwa amechota fedha za pensheni za wafanyakazi wake wa Mirror. Desemba, Kenya ikafuta kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, na kuruhusu vyama vingi. Kenya Times liliendelea kujikokota hadi likafungwa mwaka 2010.

Nation lilimpokea tena, na hapo ndipo kizazi kipya kilipomjua, kupitia safu yake ya Jumapili, Fifth Columnist, na ile aliyotumia kuwasahihisha waandishi wenzake lugha, makosa ya gazeti lake mwenyewe yakiwemo. Wengi waliisoma safu hii kama burudani ya mzee mkali. Kwangu ilikuwa sehemu ya kazi ileile. Mwandishi asiyejua sentensi yake inasema nini hawezi kujua amemsaidia nani kwa kuiandika. Ripota anayenakili taarifa ya wizara neno kwa neno, pamoja na maneno yake mazito yasiyo na mtendaji, ameshamfanyia kazi mwenye wizara hata kama gazeti ni la mtu binafsi. Na tajiri hakuhusika.

Matukio ya karibuni yamempa Ochieng haki katika mengine. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliagiza wizara na mashirika yake yaache kutangaza kwenye vyombo vya habari vya binafsi, yatumie toleo lake lenyewe, MyGov. Kwa magazeti yaliyozoea serikali kuwa mteja mkubwa, pigo hilo lilifika moja kwa moja kwenye mishahara ya chumba cha habari. Mwaka huohuo Tanzania ilifungia Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima, magazeti ambayo dola haikuyamiliki hata kidogo. Baadhi yalifunguliwa tena Februari 2022, miaka karibu mitano ikiwa imepita, na ukimfungia mchapishaji miaka mitano humrudishii waandishi wake wala wasomaji wake.

Ipo njia ya tatu, nayo si ndoto. Tangu 1936 gazeti la Guardian la Uingereza linamilikiwa na Scott Trust, amana iliyogeuzwa kampuni mwaka 2008 kwa lengo lilelile, iliyoundwa ili asiwepo mrithi wa kuliuza wala mnunuzi wa kulielekeza, na faida irudi kwenye gazeti. Mhariri anaweza kukosea, na anaweza kuondolewa, ila si kwa sababu tahariri imeikera serikali rafiki au imehatarisha mashamba ya kampuni. Katika historia ya Afrika Mashariki, mwongozo wa Nyerere wa 1970 ulikuwa hatua kuelekea huko. Ulieleza gazeti liseme nini, na ulikuwa mkarimu kuliko chochote ambacho Lonrho iliwahi kumpa mhariri. Lakini ulimwacha Rais akiwa mhariri mkuu, kwa hiyo siku tahariri ya Sudan ilipotoka, hapakuwa na mtu wala chombo ambacho Ginwala angeweza kukikatia rufaa.